Pipa la Maji Moto

Watu wa pwani wakiambiwa kwamba katika Kenya hii kuna mahali ambapo maji ya bombani huuma vidole kama siafu, hudhani wanafanyiwa mzaha. Walakini ndivyo ilivyo. Uwanda wa Kinangop, ambako nilizaliwa na kukulia, uko juu sana. Sehemu zake nyingi zimepita mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Nyandarua imesimama upande wa mashariki kama ukuta. Katika miezi ya Juni na Julai, kipupwe kinapokaza, ukungu hushuka usiku ukalala juu ya mashamba ya viazi na kabichi, na alfajiri nyingine majani huamka yamefunikwa na sakitu nyeupe. Kwa mtu wa nchi ya namna hiyo maji ya moto si anasa. Mtoto mchanga, mgonjwa na mzee huyahitaji kama wanavyohitaji chakula.

Nataka kueleza habari za chombo kimoja ambacho husimama nyuma ya nyumba nyingi za nyanda za juu, na nyuma ya shule na nyumba za wageni. Watu wengi hufaidi kazi yake kila siku, lakini ni wachache wanaokwenda kukitazama. Chombo hicho ni pipa la maji linalopashwa moto kwa kuni nje ya nyumba. Nalijua vema, maana ndilo lililonilisha na kunisomesha. Tena nalijua kwa sababu nyingine isiyonipa sifa: palikuwa na wakati nililionea haya, nikamwonea haya na mtu aliyelitunza.

Umbo la chombo hicho si la ajabu. Huchukuliwa pipa la chuma la lita 200, ambalo zamani lilikuwa la mafuta, likasafishwa sana. Hulazwa ubavuni juu ya kuta mbili fupi za matofali, na chini yake, katikati ya kuta hizo, huachwa nafasi ya kukoka moto. Kuta hupandishwa pande zote hata zikalikumbatia pipa, na nyuma husimamishwa dohani ya kutolea moshi. Karibu na hapo, mahali palipoinuka kuliko pipa, huwekwa tangi dogo la maji baridi. Bomba la kwanza huteremsha maji baridi kutoka tangini na kuyaingiza pipani upande wa chini. Bomba la pili huanzia upande wa juu wa pipa, nalo huchukua maji ya moto kuyapeleka bafuni au jikoni. Bomba la tatu ni jembamba; husimama wima, likapita kimo cha tangi, na kinywa chake huachwa wazi. Hilo ni la kupumulia. Mtu asiyejua huliona kama pambo, na mjinga huliziba ili ndege wasiingie. Anayeliziba amejitengenezea bomu nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa mvuke ukikosa njia huitafuta kwa nguvu.

Baba yangu alikuwa mtunza moto katika shule moja ya wavulana ya bweni. Kazi yake ilikuwa kuyapasha moto mapipa matatu yaliyojipanga nyuma ya mabweni ya wanafunzi wadogo. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili aligawiwa maji moto nusu ndoo, akayachanganya na baridi mwenyewe. Kengele ya kuamka ililia saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo Baba aliamka saa nane na nusu ya usiku, na saa tisa moto ulikuwa umeshika. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Wanafunzi walimpa jina la Mzee Moshi, na jina hilo lilimwandama hata walimu wengine wakasahau jina lake la kweli.

Niliingia shule hiyo hiyo mwaka 2004. Karo yangu ilikatwa kidogo kidogo katika mshahara wake. Kabla ya hapo, nilipokuwa mtoto, nilikuwa nikimfuata siku za likizo, nikaona jinsi alivyofanya kazi. Nilidhani wakati ule kwamba kuchochea moto ni kazi ya mtu asiyejua kitu. Sasa naona kwamba ilikuwa elimu kamili ambayo haikupata kuandikwa kitabuni.

Kwanza alijua kuni. Alisema kwamba muwati ni mti wa heshima, kwa maana huwaka kwa joto jingi na kuacha makaa yanayodumu. Mkaratusi ukikauka huwaka kwa hamaki, lakini ukiwa mbichi hulia machozi katika ncha zake na kumliza anayeuchochea. Msaipresi alikuwa akiupasua vipande vyembamba vya kuwashia tu, kwa sababu huwaka upesi, hutatarika, na kuishia majivu. Kuni za Julai alizitengeneza Januari na Februari, wakati wa jua kali. Alizipasua, akazipanga chini ya banda la mabati, akiacha upenyo baina ya safu na safu ili upepo upite. Kabla ya kutia ukuni motoni alichukua vipande viwili akavigonganisha. Vilivyokauka hutoa sauti kali kama ya kengele ndogo. Vibichi hutoa mlio mzito wa kitu kilichojaa maji. Vya mlio mzito alivirudisha bandani.

Pili alijua moto wenyewe. Hakuusonga kuni. Aliziacha zipumue, akasema kwamba moto ni kama mtu: ukimshindilia chakula mdomoni atakabwa. Alitazama moshi unaotoka kichwani mwa dohani. Moshi mweusi mzito ulimwambia kwamba kuni nyingi zinapotea bila kuungua, na moshi mwembamba usioonekana sana ulimwambia kwamba mambo ni sawa.

Palikuwa na jambo jingine ambalo nililiona la kuchekesha. Kila usiku, kabla ya kuwasha kiberiti, Baba aliokota kijiti akagonga kila pipa mara tatu. Nilidhani anayaamkia mapipa, kama mtu anavyobisha hodi. Sikuuliza sababu, naye hakueleza. Wazee wetu wengi hufundisha kwa kutenda, wakatumaini kwamba mwenye macho ataona.

Mwaka wa pili wa masomo yangu, yaani 2005, nilipata rafiki aliyetoka Nairobi. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vizuri na maneno mazuri, nami nilitamani sana kufanana naye. Jumapili moja ya mwezi wa Juni, siku ya wazazi kuwatembelea watoto, baba yake alikuja kwa gari, akatukaribisha sote wawili chini ya mti tule mkate na nyama. Tulipokuwa tukila, Baba akapita hatua kama kumi kutoka pale tulipoketi, mzigo wa kuni begani, koti lake limejaa masizi. Aliponiona alitabasamu, akainua mkono ulio huru kunisalimu. Yule mgeni akaniuliza, "Mzee yule anakujua?"

Nikajibu, "Ni mtu wa kijijini kwetu."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, wala hapakuwa na upepo. Baba akaushusha mkono wake, akauweka tena juu ya mzigo, akaenda zake. Nyama niliyokuwa nayo kinywani sikuijua ladha yake. Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri kengele ilipolia nilikwenda na ndoo yangu pamoja na wenzangu, nikitumaini kwa namna fulani kwamba maji yatakuwa baridi, ili nipate kosa la kumlaumu. Maji yalikuwa ya moto kama siku zote.

Wiki chache baadaye, katikati ya kipupwe, Baba alishikwa na homa kali. Alikuwa na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, karibu sana na mapipa. Aliniita jioni akaniambia, "Mwanangu, niwashie kwa siku tatu tu. Mwalimu wa bweni nimekwisha kumwomba ruhusa." Hakuwa amenitaja neno lile la Jumapili, nami sikuwa nimelitaja. Nilikubali kwa sababu sikuweza kukataa.

Usiku wa kwanza nilichukua kuni zilizokuwa karibu na mlango wa banda. Zilikuwa mbichi, zimeletwa juzi yake. Nilipuliza hata kichwa kikaniuma, macho yakavimba, na moshi ukajaa bwenini. Kengele ilipolia maji yalikuwa vuguvugu, na wanafunzi mia moja na ushee walioga wakitetemeka na kunitukana. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila asubuhi ya miaka yote ile mtu mmoja alikuwa amesimama mahali hapa, akameza moshi huu, ili wengine waamke katika joto wasiulize lilikotoka. Usiku wa pili nilizigonganisha kuni kama alivyokuwa akifanya, nikachagua zenye mlio wa kengele. Mambo yakawa afadhali, nami nikaanza kujisifu.

Usiku wa tatu ulikuja na majivuno yake. Mchana wake bilula ya pipa la katikati ilikuwa ikivuja. Fundi wa shule alikuja akafunga vali iletayo maji baridi, akalifungua pipa chini maji yakatoka yote, akaibadilisha bilula, kisha akaondoka bila kufungua tena ile vali. Mimi sikuwa na habari. Nilikuja saa tisa ya usiku, nikapanga kuni zangu nzuri chini ya mapipa yote matatu, nikawasha, nikaketi juu ya gogo nikasoma kitabu kwa mwanga wa moto. Moto ulinguruma vizuri. Baada ya muda nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Nikaangalia, nikaona tumbo la pipa la katikati linaanza kuwa jekundu kama chuma cha mhunzi, na rangi iliyobaki ubavuni inachubuka na kudondoka.

Nilielewa upesi kwamba pipa halina maji. Nikaona vali imefungwa. Fikira iliyonijia ndiyo ambayo ingemjia mtu yeyote asiyejua: kitu kinaungua, basi kitie maji. Nikakimbilia vali, nikaishika. Hapo mkono ukanikamata kifundo kwa nguvu ambayo sikuidhania kwa mgonjwa. Alikuwa Baba, amejifunga blanketi, miguu mitupu juu ya ardhi ya baridi.

"Acha," akasema. "Pipa likikauka usilitie maji. Litolee moto."

Akachukua beleshi, akaanza kuvuta makaa na vinga kutoka chini ya pipa, akavitawanya juu ya udongo. Nami nikashika fimbo ndefu nikamsaidia. Tulifanya hivyo bila kusema neno hata chini ya pipa pakawa peusi. Kisha tukaliacha lipoe lenyewe. Lilitoa milio midogo midogo, chuma kilipokuwa kikijikunja, na polepole ule wekundu ukafifia. Baba aliketi juu ya gogo langu, akihema.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua hesabu ya jambo ambalo mkono wake ulinizuia kulifanya. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Laiti ningalifungua vali, maji baridi yangaliangukia chuma chekundu, yakageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na lile bomba jembamba la kupumulia lisingaliweza kuutoa wote kwa wakati. Pipa lingaliweza kupasuka, nami nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nilimwuliza Baba amejuaje, naye alikuwa kitandani. Akasema, "Usiku wa kwanza na wa pili niliamka nikasikiliza, nisisikie ukigonga. Nikasema mapipa yana maji, hayana neno. Leo nilikumbuka kwamba fundi alikuja. Nikasikiliza tena. Hukugonga."

Hapo ndipo nilipofahamu. Pipa lililojaa maji likigongwa hujibu kwa mlio mfupi wa chini. Pipa tupu hupiga kelele. Sote tunaijua methali ya debe tupu, na wengi wetu huitumia kuwacheka wenye maneno mengi. Baba alikuwa akiitumia kulinda maisha ya watu kila usiku.

Tulikaa kimya kitambo. Kisha nikasema, "Baba, siku ile ya wageni..."

"Nilisikia," akajibu.

Nikainamisha kichwa. Akayatazama makaa yaliyotawanyika, yanazimika moja moja, akasema, "Hukusema uongo, mwanangu. Mimi ni mtu wa kijijini kwenu." Akajikusanya katika blanketi, akainuka, akarudi kulala.

Sijapata kupigwa fimbo iliyoniuma kama maneno hayo. Angalinikemea ningalipata la kujitetea. Yeye alinirudishia maneno yangu mwenyewe, bila kuyaongeza wala kuyapunguza, akaniachia niyabebe.

Juma lililofuata, Baba alipopata nafuu, nilimfuata alasiri, saa ya michezo, wakati uwanja umejaa wanafunzi. Nikachukua mzigo wa kuni nikauweka begani, nikatembea nyuma yake tangu lango la shule hata bandani. Rafiki yangu wa Nairobi alikuwa kando ya uwanja. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia, "Namsaidia baba yangu." Akanitazama, akamtazama Mzee Moshi, akakumbuka. Nilingoja dharau. Akasema tu, "Basi mwambie asante kwa maji." Haya niliyokuwa nimeitunza mwaka mzima na nusu, kumbe haikuwa na mwenyewe isipokuwa mimi.

Nilipomaliza masomo ya sekondari nilikwenda chuo cha ualimu. Siku moja mkufunzi wetu wa sayansi alieleza jinsi joto linavyosafiri katika maji: maji yaliyo karibu na moto hutanuka, huwa mepesi, hupanda juu, na yale baridi yaliyo mazito hushuka kuchukua mahali pao, hata mzunguko ukaendelea wenyewe. Mwendo huo huitwa myuko. Wenzangu waliandika upesi upesi. Mimi nilikuwa naliona pipa. Ndiyo sababu bomba la maji baridi huingilia chini na la maji moto hutokea juu! Baba alilijua jambo hilo bila kujua jina lake, nami nilikuwa karibu kulijua jina bila kulijua jambo.

Leo mimi ni mwalimu, na nyumba ninayokaa, huko huko nyanda za juu, ina pipa lake nyuma. Mwaka wangu wa kwanza nililipima kwa hesabu, kama mazoezi ya kuwafundishia wanafunzi. Kupandisha joto la lita 200 za maji kutoka digrii 15 hata digrii 60 kunahitaji kilojuli 37,800. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa kilojuli 15,000 hivi. Basi, kama joto lote lingaliingia majini, kilo mbili na nusu zingalitosha. Nilipopima kuni nilizokuwa nikizitumia nikaona ni kilo kumi na mbili. Maana yake ni kwamba katika kila kuni tano, moja ilipasha maji, na nne zilipasha mawingu. Nikajenga kuta nene zaidi za matofali, nikaziba nyufa kwa udongo, nikatia bamba la chuma katika dohani ili niweze kulipunguza moto usikimbilie nje, na nikaacha kabisa kuchoma kuni mbichi, ambazo karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji. Siku hizi kilo nane hutosha. Si ushindi mkubwa, lakini kilo nne kila siku ni mti mmoja hapa na mwingine pale unaobaki umesimama.

Hesabu hiyo ilipata maana zaidi baada ya mwaka 2018, Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Bei ya kuni kwetu ilipanda, na watu wakaanza kuitazama miti kwa macho mengine. Hata mwaka 2023, ilipotangazwa kwamba marufuku hiyo inaondolewa, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kupata fundisho. Mimi hupanda safu moja ya miwati kila mwaka mpakani mwa shamba la wazazi wangu, ili yule atakayechoma awe ndiye aliyepanda.

Walakini kuna hesabu nyingine ambayo kuta za matofali haziwezi kuisahihisha. Kifua cha Baba kimechoka. Hupanda kilima kidogo akasimama mara tatu kuvuta pumzi. Daktari alimwuliza kama alikuwa mvutaji wa tumbaku. Akasema hajapata kuigusa. Akamwuliza kazi yake. Alipoitaja, daktari hakuuliza tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake moshi wa majumbani, wa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika ulimwengu. Na katika nchi yetu, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa zikipika kwa kuni. Wengi wa wanaosimama katika moshi huo ni mama zetu.

Mtu aweza kusema: moto ukiwa nje ya nyumba, shida imekwisha. Nami nilipata kudhani hivyo. Katika majimbo ya baridi kali ya Marekani, kama Minnesota, ambako Wakenya wengi wamehamia, ziko nyumba zinazopashwa joto kwa chombo kilicho ndugu ya pipa letu. Husimama nje kama kibanda; kuni huungua humo, maji yakapata moto, na pampu huyapitisha katika mabomba yaliyozikwa ardhini hata nyumbani, yakatia joto vyumba vyote, kisha yakarudi kupashwa tena. Mwenye nyumba hukaa ndani katika hewa safi. Lakini vyombo vya zamani vya namna hiyo vilitoa moshi mwingi uliotambaa chini, na majirani wakalalamika, hata mwaka 2015 Serikali ya Marekani ikaweka sheria ya kuupunguza moshi wa vyombo vipya. Somo lao na letu ni moja. Moshi ukitolewa nyumbani haupotei. Huenda kwa mtu mwingine. Swali la haki ni kuuliza mtu huyo ni nani.

Sasa mapipa mengi yanaanza kuondoka. Shule nyingine zimeweka vyombo vya kupasha maji kwa jua, na nyumba nyingine hutumia gesi. Nafurahi, na nikipata uwezo nitafanya vivyo hivyo. Sililii pipa kama mtu anayelilia mambo ya kale. Lililia mwenyewe katika kifua cha baba yangu. Hata hivyo sitaki wanafunzi wangu wadhani kwamba joto likija kwa kugusa kitufe halina mtu nyuma yake. Yuko aliyepanda juu ya paa kufunga mabomba, na yuko anayeamka usiku kulinda mitambo. Nao pia wana majina waliyopewa na wazazi wao.

Kwa hiyo, ewe kijana unayesoma, nakuomba mambo mawili. La kwanza, ukiona kitu au mtu ameungua kwa ukavu, awe ndugu yako aliyekasirika au rafiki yako aliyekata tamaa, usikimbilie kummwagia maji baridi ya maneno. Mwondolee moto kwanza, umwache apoe. La pili, jua jina la mtu anayekupashia maji. Kama mtu huyo ni baba yako au mama yako, litaje jina hilo mbele ya wageni, kwa sauti ya kawaida, kama vile nilivyopaswa kufanya mimi.

Wazazi wangu hukaa nami miezi ya kipupwe. Baba hakaribii moto tena. Nimemkataza, na daktari amemkataza. Chumba chake kiko upande wa nyuma, na dirisha lake linaelekea pipa. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha kiberiti, naokota kijiti nikagonga mara tatu. Pipa hunijibu kwa mlio wake mfupi wa chini. Kisha kutoka ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, nasikia mzee akikohoa kidogo na kujigeuza kitandani, alale tena.